Dirisha linaloweka ukungu lenyewe jua likikolea: shajara ya mradi, Ngamiani, Tanga

11 Januari 2025: naanza

Shangazi yangu ana chumba cha kushonea hapa Ngamiani, dirisha ni moja tu, upana sm 60 urefu sm 90, na linatazama magharibi. Asubuhi raha tupu. Ikifika saa nane mchana jua linaingia moja kwa moja mpaka meza ya kukatia, kitambaa cheusi ukikigusa unatoa mkono, na kaskazi yenyewe inavuma upande wa pili kwahiyo hapo dirishani hata upepo hamna. Anashusha pazia, chumba kinakuwa giza, anawasha taa na feni mpaka magharibi, kila siku hivyo hivyo, na umeme wa LUKU unaisha kabla ya mwezi. Yaani mchana wa Tanga, jua lote hili, mtu anashona kwa taa! Hiyo imenikera miaka.

Nataka kioo ambacho asubuhi kipo wazi kama kioo chochote, alafu jua likikipiga kikawaka moto kiwe cheupe chenyewe, kisizuie mwanga ila kiuvunje ule ukali. Bila waya, bila swichi. Vioo vya namna hii vipo kwenye maabara za watu, mimi nataka cha kutengeneza hapa kwa vitu vya kununulika. Ntaandika kila hatua na bei zake, ukitaka kuiga usipite nilipopotea.

18 Januari: njia ya vanadiamu nimeiacha

Wiki nzima nimesoma. Njia inayosifiwa kuliko zote ni utando mwembamba wa vanadiamu dioksaidi (metali ya vanadiamu iliyoungana na oksijeni) juu ya kioo, unene wake nanomita hamsini mpaka mia hivi, unywele wa mtu ni mara mia kadhaa ya hapo. Mwaka 1959 F. J. Morin wa maabara ya Bell Labs kule Marekani alionyesha kwamba kitu hiki kikifika digrii 68 kinabadilika ghafla, kutoka kupitisha umeme kidogo sana mpaka kuupitisha kama metali, na kikishakuwa hivyo kinakata miale ya infraredi, ile joto lake unalisikia ila huioni. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ipo huko kwenye infraredi. Uzuri wake ni kwamba hata kikizuia joto bado unaona nje.

Digrii 68 kioo cha dirisha hakifiki, kwahiyo wanachanganya tungsteni kidogo, metali nyingine, kila asilimia moja ya atomi inashusha digrii ishirini na kitu, ukiweka mbili hivi umeshafika kwenye joto la kawaida. Tatizo ni kuutengeneza. Inataka chemba ya vakyumu, yaani chombo kilichonyonywa hewa, na oksijeni uipime kwa uangalifu sana maana ikizidi unapata oksaidi nyingine ya vanadiamu, ikipungua unapata nyingine tena, na vumbi la vanadiamu pentoksaidi ni sumu kwenye mapafu. Chumba cha nyuma cha nyumba ya udongo na mabati hakifai kazi hiyo. Alafu ule utando una rangi ya njano inayoelekea kahawia, na fundi nguo anataka kuona rangi ya kitambaa ilivyo.

Nimechagua njia ya pili, jeli katikati ya vioo viwili. Kuna poda zinazotokana na selulosi ya mimea, ukiziyeyusha kwenye maji ya baridi unapata jeli angavu, ukiipasha moto inakuwa nyeupe kama maziwa, ikipoa inarudi angavu. Ni kinyume cha mafuta ya nazi yetu, yale yanaganda meupe asubuhi ya baridi na jua likitoka yanakuwa maji. Kinachotokea ni kwamba kwenye ubaridi maji yameshikana na nyuzi za selulosi, joto likipanda maji yanaachia, nyuzi zinajikunja na kushikana zenyewe vibonge vidogo vidogo, na vile vibonge ndio vinatawanya mwanga.

25 Januari: poda ya kwanza, kosa

Mama mmoja jirani anatengeneza sabuni ya maji, anatumia poda ya CMC (kaboksimethili selulosi) kuifanya iwe nzito. Nikaona imeandikwa selulosi nikasema ndio yenyewe, nusu kilo shilingi 5,000. Nimeyeyusha usiku kucha, jeli safi kabisa, nikaiweka kwenye chupa ndani ya sufuria ya maji nikapasha mpaka maji yanachemka. Haikubadilika hata chembe. Ikawa nyepesi kidogo basi.

CMC ni selulosi kweli ila kilichopachikwa juu ya nyuzi zake kina chaji ya umeme na kinapenda maji muda wote, joto haliiachanishi. Ukienda dukani usikubali neno selulosi peke yake, uliza jina lote. Poda nimeifunga nimeweka kabatini.

2 Februari: poda ya pili, karibu lakini bado

Muuza kemikali akanipa HPMC (haidroksipropili methili selulosi), kilo moja 18,000, ndio ile wanayotia kwenye gundi ya kubandikia vigae. Hii ilibadilika! Nilikaa jikoni na thamometa nikaona chupa inaanza kufifia nikaita watu. Ila ilikuwa digrii 64. Nilirudia mara tatu, 63, 64, 64. Kioo cha shangazi hakifiki huko labda nyumba iungue. Nikatia chumvi nikaishusha mpaka 50 na kitu, zaidi ya hapo poda ikaanza kujitenga na kukaa chini kama machicha. Nimeacha.

13 Februari: HPC imefika

Ninayoitaka ni HPC, haidroksipropili selulosi, inatumika kwenye vidonge vya hospitali na watu wa kuhifadhi vitabu vya zamani wanaitumia pia. Nimeipata Dar, anauza kuanzia gramu 500 tu, shilingi 95,000, na 7,000 ya kuitumia kwa basi. Iliniuma ila sikuwa na njia.

Siku ya kwanza nimeharibu. Nimemwaga poda kwenye maji ya baridi nikakoroga, ikafanya mabonge kama uji uliotiwa unga kwa pupa, nje utelezi ndani poda kavu, siku mbili hayajayeyuka. Dawa yake ni kutumia ile ile tabia yake: kwenye maji ya moto haiyeyuki. Pasha theluthi ya maji mpaka digrii 60, mwaga poda kidogo kidogo huku unakoroga, itatawanyika kama mchanga mwembamba bila kushikana, alafu ongeza maji ya baridi yaliyobaki na uendelee kukoroga. Inapopoa ndio inayeyuka, na kwa kuwa kila chembe imeshalowa mabonge hayatokei. Iache usiku kucha mapovu yote yapande yatoke. Nimetumia gramu 30 kwa lita.

Maji: nimetumia maji ya betri, yale ya kuongezea, SIO yale yenye asidi. Madukani yote wanaita maji ya betri na chupa zinafanana. Asidi inakata nyuzi za HPC na jeli inakuwa maji maji, achilia mbali itakachokufanya mkononi. Soma chupa.

16 Februari: kioo kinafika digrii ngapi?

Hili ningetakiwa kulifanya siku ya kwanza kabla ya kununua chochote. Nimenunua kipima joto cha kuelekeza kama bastola (45,000) nikapima kioo cha dirisha siku nne mfululizo, nimebandika kipande cha tepu nyeusi kwenye kona nikapima hapo maana kioo chenyewe kinadanganya kipimo. Asubuhi 28 mpaka 29. Saa nane 34. Saa kumi 39 mpaka 41. Chumbani hewa 32 mpaka 33.

HPC yangu bila chumvi inafifia kwenye 41. Kwahiyo ingekuwa inageuka dakika chache tu siku ya jua kali kabisa. Nataka ianze 35, juu ya joto la chumba ili isigeuke bila jua, na chini ya 39 ili igeuke mapema mchana.

Hapa chumvi ya kawaida ya mezani ndio inafanya kazi, inazinyang'anya zile nyuzi maji kwahiyo zinajikunja na kushikana mapema. Nimepima kwenye chupa ndogo: gramu 10 kwa lita imeshuka mpaka 38, gramu 25 ikawa 35, gramu 50 ikawa 30. Ile ya 30 ilikuwa nyeupe tangu saa tatu asubuhi juu ya meza kivulini, haifai. Iyeyushe chumvi pembeni kwenye maji kidogo alafu tia polepole jeli ikiwa imepoa, ukitia chumvi kavu inafanya mawingu meupe yanayokawia kuondoka.

Shangazi akauliza, "Baba, si uchote tu maji ya Raskazone, chumvi yake umetiliwa na Mungu?" Nimejaribu kweli. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, jeli ikafifia 33, swali lake lilikuwa na akili kabisa. Ila baada ya wiki ile chupa ilianza kunuka, kuna viumbe mle. Nimebaki na gramu 25 za mezani.

22 Februari: kioo kikubwa kimeachia

Vioo viwili vya milimita 4, sm 60 kwa 90 (32,000), katikati nimeacha nafasi ya milimita 2, nimeziba pembeni kwa silikoni nikaviweka wima kwenye fremu ya aluminiamu nikajaza kutokea juu. Nikakaa nakitazama, kilipendeza sana. Saa tano usiku shangazi ananipigia, jeli ipo sakafuni. Kitambaa cha mteja kimelowa, nimemlipa.

Nimekaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla. Maji yakiwa na kina sm 90, wastani wa kina ni 45. Zidisha na eneo la kioo, sm 5,400 za mraba, unapata 243,000, yaani karibu kilo 240 zinakisukuma kioo kwenda nje. Haijalishi nafasi ni milimita 2 au mita 2, msukumo unategemea kina sio wingi. Kilo 240 kwenye ukingo wa silikoni! Kioo kilijipinda tumbo chini, jeli ikawa nene chini nyembamba juu, alafu kona ikafunguka.

Ukikata vipande vya sm 28 kwa 28, wastani wa kina 14, eneo 784, inakuja kilo 11 tu. Ukijaza vikiwa vimelala hata hiyo hamna wakati wa kuziba. Hapo ndipo suluhisho lilipo, wala sio silikoni ya bei.

1 Machi: kutu kwenye fremu

Aluminiamu pale jeli ilipopita imetoa unga mweupe na vishimo. Sababu mbili kwa pamoja: chumvi, na ile silikoni ya bei rahisi (7,000) inayonuka siki. Ile harufu ni asidi ya siki kweli inatoka wakati inakauka, na inakula metali. Nimehamia silikoni isiyonuka siki, kwenye tyubu imeandikwa neutral, 12,000 moja, nimechukua mbili. Na fremu nimeachana na aluminiamu, seremala wa barabara ya jirani amenitengenezea ya mbao yenye nafasi sita, 45,000 na kazi yake.

Vioo vipya vipande kumi na mbili pamoja na kukata 38,000.

8 na 9 Machi: kujaza

Tepu ya gundi pande mbili yenye unene wa milimita 1 pembeni kote, ukiacha mianya miwili ya kona zinazokabiliana. Kioo kioshe kwa spiriti, alama ya kidole ikibaki ndani itabaki humo. Inamisha kipande kidogo, chomeka sirinji bila sindano kwenye kona ya chini, sukuma taratibu, hewa itoke kona ya juu. Mililita 75 hivi kila kipande. Ukisukuma haraka unapata povu na povu halitoki tena, mimi viwili nimevifungua nikarudia. Ziba mianya, alafu silikoni kuzunguka kote nje ya tepu, kaa siku mbili bila kugusa.

Kabla ya kuweka nimepima mara ya mwisho na kioo cha kawaida, saa tisa na nusu, anga jeupe: kitambaa cheusi juu ya meza digrii 48.

16 Machi: kimekaa dirishani

Ramadhani ipo katikati, oda za Idi zimejaa mpaka mlangoni, shangazi alisema kama si leo basi mpaka baada ya sikukuu. Tumeweka asubuhi. Vipande sita angavu, unaona mwembe wa jirani ule pale.

Saa nane kasoro kipande cha juu kushoto kikaanza. Kwanza kama mtu amekipumulia, alafu ukungu ukaenea kutoka katikati kwenda pembeni, dakika kumi kikawa cheupe kabisa. Kikafuata cha pembeni yake. Viwili vya chini vikabaki wazi maana vilikuwa kivulini mpaka saa tisa, vilipopata jua navyo vikageuka. Kila kipande kinaamua chenyewe, hili sikulipanga na ndilo limenifurahisha kuliko yote. Watoto wameshagundua kwamba ukibandika kikombe cha chai kwenye kioo linatokea duara jeupe, wanachora.

Saa tisa na nusu, anga jeupe kama ile siku nyingine, kitambaa cheusi digrii 40. Nane zimepungua. Hewa ya chumba imepungua digrii moja tu, mabati yapo juu pale pale na feni bado inazunguka, huo ndio ukweli. Ila taa. Shangazi hakuwasha taa mpaka magharibi. Ule weupe unaleta mwanga uliotawanyika chumba kizima, hauna kivuli kikali, akatunga uzi kwenye sindano akiwa kona ya mbali. Akaniambia, "Mwanangu, pazia hili lifue ulitie kabatini." Mimi nilikuwa nahesabu joto siku zote hizi, kumbe umeme mwingine unaookolewa ni wa taa iliyokuwa inawashwa mchana kwa sababu ya kukimbia jua.

12 Aprili: mistari, na madoa

Wiki nne. Vipande vinne vya juu vina mistari ya wima, na juu kabisa kuna ukanda angavu wa kidole kimoja ambao mchana haugeuki. Zile nyuzi zikishajikunja zinakuwa nzito, kwa masaa manne kila siku zinashuka chini kidogo kidogo, usiku zinapanda ila si zote. Vya chini vinavyopata jua kidogo viko sawa, ndio maana nimejua.

Kimoja kina madoa meusi matatu, ukungu ule wa mkate. Selulosi ni chakula na gramu 25 za chumvi haziutishi.

10 Mei: marekebisho

Masika imenipa muda. Kwa kushuka, nahitaji jeli nzito zaidi ili vibonge visisafiri, lakini nikiongeza HPC weupe unazidi na bei inapanda. Nikakumbuka CMC iliyofeli Januari. Yenyewe haijali joto, inabaki nzito muda wote, na ikikutana na HPC ule uzito wa kama uji unazidi jumla ya zote mbili. Nimeongeza gramu 8 kwa lita, nimepima, bado inageuka 35.

Nimetengeneza vipande viwili vya majaribio kwa mabaki ya vioo, cha jeli ya zamani na cha mpya, nikaviweka juu ya mabati ambako vinageuka hata siku za mawingu mepesi. Cha zamani siku ya 9 kina mistari. Kipya siku ya 21 hakina.

Kwa yale madoa ya ukungu: maji sasa nayachemsha kwanza, vyombo vyote navyo. Nilishauriwa benzoeti ya watengeneza juisi, ila ile inafanya kazi kwenye vitu vichachu na jeli yangu si chachu. Nimetumia matone machache ya formalini kama watu wa sabuni (3,000 kichupa), nje uani, glavu, upepo ukiwa unaipeleka mbali nawe, watoto hawapo. Usiichezee hiyo.

Vyote sita nimevifungua na kujaza upya. Silikoni ya zamani inatoka kwa wembe, kazi ya siku nzima.

7 Juni: hali na hesabu

Kusi imeanza kuvuma vizuri, kioo kinafika 33 basi, dirisha lipo wazi kutwa na ndivyo linavyotakiwa kuwa miezi hii. Hakuna mstari, hakuna doa, hakuna kona inayovuja.

Pesa yote mpaka leo 355,000. Humo mizani ndogo 20,000, maji 6,000, tepu 8,000, sirinji 2,000, vingine nimeshavitaja juu. Kitambaa cha mteja sijakiweka. Zilizopotea bure ni HPMC, vioo vya kwanza na silikoni ya siki, jumla 57,000. Kipima joto na mizani vinabaki kwa kazi nyingine. Na HPC, ambayo ndio ghali, dirisha zima linakula gramu 14 tu, nimebakiwa na zaidi ya 400, ukiwa hapa Tanga na dirisha lako la magharibi njoo uchukue za kwako usinunue nusu kilo.

Kipimo kingine kitakuja Januari kaskazi ikirudi, nitapima kitambaa kile kile meza ile ile saa tisa na nusu. Shangazi anataka na mlango wa mbele uwe hivyo. Huo una urefu wa mita mbili, nimeshaanza kuchora vipande.